Fundi wa Ndala Moja

Chapa. Kimya. Chapa. Kimya.

Hiyo ndiyo sauti. Ukitaka kuijua, vua ndala moja, utembee juu ya lami na ile nyingine mguuni, halafu usikilize. Mguu wenye ndala unachapa, mguu mtupu hausemi kitu. Mpaka leo nikiisikia, hata kama ni mtoto anacheza uani kwetu, shingo yangu inageuka yenyewe.

Najua utakachosema. Utasema huyu binti alichoka, jua likampiga, akaota. Sawa. Lakini mimi yalinikuta mchana kweupe, jua limesimama utosini, kwenye barabara ya lami ya kutoka Korogwe kwenda Handeni, ambayo huenda wewe mwenyewe umeshaipita. Na ndoto haifungi pampu ya maji. Pampu ipo, inafanya kazi, njoo uishike kwa mkono wako.

Nianze na gari, maana gari ndilo chanzo cha kero yote. Ni pikapu ya zamani ya baba yangu mdogo. Macho yake yalipoanza kufifia akaniachia mimi niiendeshe, kwa sababu wanawe wote wako Dar na hakuna anayetaka kurudi kubeba mahindi. Mimi nataka. Shule niliishia kidato cha pili, lakini ndoto sikuishia popote. Siku moja nitakuwa na lori langu, na maneno ya kuandika juu ya kioo cha mbele nimeshayachagua. Siyasemi, wataniibia.

Sasa, mwenye ndoto ya lori alikuwa anashindwa na maji ya rejeta. Unajaza asubuhi, jioni hamna. Unalala chini kuchungulia, pakavu. Unapiga gia kupanda kilima, mshale wa joto nao unapanda na wewe kama mnashindana. Nikaipeleka kwa Fundi Kidevu, hapo hapo Handeni mjini. Akaanza kwa kung'oa themostati, eti nchi yetu ni ya joto, themostati ni ya Wazungu wenye baridi. Gari likachemsha. Akamwaga bizari ndani ya rejeta, eti itaziba tundu lilikojificha. Gari likachemsha, safari hii likinukia kama sherehe. Akapaka sabuni ya mche kwenye maungio ya mipira. Likachemsha.

Ndipo akasimama, akakuna hicho kidevu chake, akasema, "Basi itakuwa pampu."

"Sasa kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Dada, mgonjwa humpasui siku ya kwanza. Unaanza na dawa."

Akaniambia nikienda Korogwe ninunue pampu mpya pamoja na gasketi na silikoni ya kuzibia, nikirudi ataifunga. Na nilikuwa na safari ya Korogwe kweli, safari ambayo roho yangu yote ilikuwa humo.

Kikundi cha kina mama wa mtaani kwetu, mama yangu akiwemo, waliagiza vifaranga vya siku moja kutoka Dar. Vinaletwa kwa basi mpaka Korogwe, vimepangwa kwenye maboksi yenye matundu. Nani avifuate? Mama alinitaja mimi. Wenzake wakaguna. Mmoja akasema mbele yangu, bila hata kushusha sauti, kwamba mzigo wenye roho haupewi msichana anayecheka cheka ovyo. Mama hakubadilisha jina. Unaelewa? Nikivifikisha vikiwa hai, nimekuwa dereva. Nikifikisha maiti, mimi ni yule binti wa kucheka cheka, na mama yangu atainamisha kichwa kwenye kila kikao.

Mpango ulikuwa nivichukue alfajiri, kabla jua halijakasirika. Nimefika stendi ya Korogwe, basi hamna. Jua likatoka, basi hamna. Nikanunua pampu, nikarudi, basi hamna. Lilipokuja ilikuwa karibu adhuhuri, na kondakta ananiuliza kwa nini nimenuna. Nikafungua boksi moja. Vilikuwa vidogo, vya manjano, vinalia vyote kwa pamoja utadhani mvua juu ya bati. Kimoja kikanidonoa kidole. Nikajua nimekwisha, hivi vikifa nitalia mwaka mzima.

Nikajaza rejeta, nikajaza na dumu la akiba, nikaondoka. Nikavuka mto Pangani, nikaanza mapori na vilima. Kabla sijafika Sindeni, katikati ya mpando mmoja mrefu, nikasikia kelele ya chuma kusagana na chuma, halafu mvuke ukatoka chini ya boneti kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nikazima. Handbreki ya pikapu ile ni pambo tu, haishiki, kwa hiyo nikaiacha kwenye gia, nikaruka chini kabla haijaanza kurudi nyuma, nikavuta jiwe kubwa lililokuwa ukingoni, nikalisukuma nyuma ya gurudumu. Gari likatulia. Nikavunja matawi nikayalaza barabarani, nyuma na mbele, kama tunavyofanya sote gari linapokufa, ili wenye magari wajue.

Simu haina mtandao. Jua juu. Vifaranga vinapiga kelele. Nikavishusha kwenye kivuli cha kichaka, nikafungua vifuniko, nikaketi chini nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Kwa Kidevu? Kwa basi? Kwa Mwarabu aliyechimba mafuta?

Ndipo nikasikia. Chapa. Kimya. Chapa. Kimya.

Na vifaranga vikanyamaza. Vyote, kwa mara moja, vikajibana chini kama kivuli cha mwewe kimepita.

Alikuwa mtu mzima, mwembamba, shati la kazi la rangi ya udongo limejaa vumbi mpaka kope. Mguu wa kulia una ndala ya bluu. Wa kushoto mtupu. Niliinuka, nikampa heshima yake.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitika. Alinipita kana kwamba mimi ni nguzo ya umeme, akafungua boneti, akachungulia, akasema, "Nani alikufungia hii?"

Wewe umewahi kumpa mtu mzima shikamoo asiitike? Kwetu hata mlevi anaitika. Hata mtu mliyegombana naye shamba anaitika, ndiyo aendelee kukutukana. Niliudhika, niamini. Nikarudia kwa sauti. "Mzee, shikamoo."

"Nimekuuliza, nani alikufungia huu mpira?"

"Fundi Kidevu."

"Huyo afunge magunia." Kisha akaweka kiganja chake kitupu juu ya mfuniko wa rejeta, ule unaochoma hata kwa tambara, akaufungua taratibu kama mtu anafungua kopo la chai. Mvuke ukampiga usoni. Hakupepesa. Akainama akanusa. "Humu mmepika pilau?"

"Ni bizari," nikasema.

"Na nyama iko wapi?"

Ningecheka siku nyingine. Nilikuwa natazama kile kiganja. Hakikuwa na lengelenge, hakikuwa hata chekundu. Nikajiambia mafundi wana ngozi ngumu. Mtu ukiwa na shida unaamini chochote kinachokufaa.

Akataka spana zangu, nikampa. Akataka pampu mpya, nikashangaa amejuaje, lakini boksi lake lilikuwa pale kwenye kiti, labda aliliona. Akaanza kazi. Na hapo ndipo kero yangu ilipopata mwalimu, kwa sababu sijawahi kuona mtu anafanya kazi polepole namna ile. Alilegeza mkanda, akautoa. Akatoa feni. Kila bolti aliyoifungua aliipangusa, akaiweka juu ya jani lake, kwa mpangilio, kana kwamba anapanga vyombo vya harusi. Mimi nazunguka, nakwenda kwa vifaranga, narudi.

"Mzee, vitanifia hivi."

"Ni kweli. Leta dumu."

Dumu lilikuwa na maji kidogo tu yaliyobaki. Akalimwaga lote kwenye vifuniko vya maboksi, akavisogezea vifaranga, hakuacha hata tone la gari. Vikanywa huku vimenyamaza. Kisha akachukua dumu tupu, akaingia porini. Nilitaka kumwambia kwamba huko kuna korongo kavu tu, na kiangazi hiki hata nyani wanalipita. Sikupata nafasi. Ile sauti ya ndala, chapa, kimya, nikaisikia ikienda kwenye majani makavu kama vile bado iko juu ya lami.

Alirudi na dumu limejaa, limelowa kwa nje, baridi kama limetoka kwenye friji. Utauliza kwa nini sikukimbia. Ningekimbia, vifaranga ningeviacha wapi?

Pampu ya zamani ikatoka. Akanionyesha, na hapo tu sauti yake ikalainika. "Ona hiki kitundu hapa chini. Pampu ikianza kuchoka inatolea maji hapa, kidogo kidogo, yanakaukia kwenye injini ya moto. Ndiyo maana chini huoni kitu." Kweli, chini ya kile kitundu kulikuwa na mchirizi uliokauka, na ndani yake njano ya bizari. "Ilikuwa inalia siku zote. Hakuna aliyeitazama usoni."

Akakwangua gasketi ya zamani mpaka chuma kikang'aa. Akapaka silikoni kwa kidole, akaweka gasketi mpya, akafunga bolti hii, kisha ile ya upande wa pili, kisha ya chini, hazifuatani. Nikadhani amemaliza. Akakaa chini.

"Mbona unakaa?"

"Silikoni inakauka."

"Mzee, jua linaua."

"Silikoni haina haraka. Ungekuwa na haraka ungeitazama pampu mwezi jana."

Nikaapa moyoni kwamba nikiolewa na fundi mama anipige. Tukakaa. Mimi navipepea vifaranga kwa kanga, yeye anaitazama barabara. Hakuna gari lililopita wakati wote ule, na barabara ile haikosi magari. Mara akasema, "Ukiondoka, usiache kitu chako barabarani."

"Sawa."

Baada ya kitambo, "Umenisikia? Kitu chako."

"Nimesikia, mzee. Sitaacha."

"Wote husema hivyo," akasema. Akasimama, akarudisha feni, akaubonyeza mkanda kwa kidole gumba kuona umekaza, akajaza maji, akanituma niwashe gari, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi ili hewa itoke. Nikawasha. Injini ikanguruma laini, kelele ya chuma haipo, mshale umetulia katikati kama mtu aliyeshiba. Nilipiga kofi usukani kwa furaha. Nikateremka kumshukuru, hayupo.

Mfuniko ulikuwa umefungwa. Spana zilikuwa zimerudi kwenye mfuko, zimepanguswa. Nikaita, nikapiga honi, nikasema asante kuelekea porini. Nikadhani kaenda haja. Nikakusanya matawi yote, ya nyuma na ya mbele, nikayatupa mbali na lami, nikijisifu kabisa kwamba mimi si kama wale wengine. Nikapakia vifaranga, navyo vikaanza kulia tena. Nikaweka gia ya kwanza, pikapu ikapanda.

Haikufika mbali, mshale ukaanza kupanda.

Nikasimama. Nikagusa rejeta kwa woga, ya baridi. Mipira, ya baridi. Maji, pomoni. Nikarudi kwenye kiti, mshale uko kwenye nyekundu. Gari la baridi, mshale wa moto. Nikaendelea, ukazidi, ukagonga mwisho. Na vifaranga vikanyamaza. Na nyuma ya gari, juu ya lami, nikasikia chapa, kimya, chapa, kimya. Nikaongeza mwendo, nayo ikaongeza. Kwenye kioo hakuna mtu.

Nililia, sitakuficha, lakini nililia kwa hasira. Nikasema kwa sauti, "Unataka nini sasa? Matawi nimetoa. Spana ninazo." Nikageuza gari nirudi Korogwe nikaitupe pikapu mtoni. Na tulivyokuwa tunarudi, mshale ukashuka. Kila tukisogea, unashuka. Tulipofika kileleni mwa ule mpando ukawa umekaa katikati, na mimi nikaona kwa chini yangu, pale tulipokuwa, katikati kabisa ya njia, jiwe langu.

Lile la kuzuilia gurudumu. Gari lilipoondoka kwenda mbele, lenyewe likabaki pale pale. Nani hukumbuka jiwe? Liko nyuma ya gurudumu, hulioni, na gari likishawaka unawaza kuondoka tu.

Nikasimamisha pikapu pembeni na kuiacha kwenye gia. Nikakimbia, nikalikumbatia lile jiwe na joto lake, nikalitupa ndani ya majani. Sijamaliza kujipangusa mikono, bodaboda ikatokea kileleni nyuma yangu, inateremka kwa kasi, imempakia mama mwenye mtoto mgongoni. Ikapita pale pale jiwe lilipokuwa. Yule mama akanipungia mkono, akidhani nimesimama kuwasalimia.

Vumbi lao lilipotulia, kutoka porini, karibu sana, bila ukali wowote, nikasikia mtu anasema, "Marahaba, mwanangu."

Wakati huo sikuwa nimemsalimia mtu.

Sikumbuki vizuri nilivyofika Sindeni. Nilisimama kwa mama mmoja anayeuza machungwa kando ya barabara, akaniona nilivyo, akanipa maji kabla ya salamu. Nikamweleza. Alikuwa anamenya chungwa, akaacha kisu hapo hapo.

"Ndala ya bluu?"

"Ya bluu."

"Mguu wa kulia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Huyo ni Mame," akasema polepole. Akaniambia alikuwa fundi, mtoto wa kambi ya mkonge, babu zake walikuja kukata mkonge wakabakia. Mkali, haachi kitu kikiwa nusu. Jioni moja aliitwa kutengeneza gari la watu lililokufa kwenye ule mpando. Akalitengeneza, wakashukuru, wakatangulia. Yeye akabaki kukusanya spana zake, maana alikuwa anazipanga taratibu sana, kisha akapanda pikipiki yake kuwafuata. Giza lilikuwa linaanza. Jiwe walilozuilia gurudumu walikuwa wameliacha.

"Ndala moja walimzika nayo," yule mama akasema. "Nyingine tuliitafuta, hatukuiona." Kisha akanitazama. "Wengine aliwatokea wakakimbia. Wewe hukukimbia?"

"Nilikuwa na vifaranga."

Akachungulia boksi, akacheka kidogo, akanijazia machungwa mfuko mzima.

Vifaranga vilifika. Kimoja tu kilikufa, nami nilikifukia mwenyewe. Yule mama aliyeniita wa kucheka cheka alivihesabu mara mbili, akitafuta kosa, halafu akauliza kama naweza kumpelekea mahindi mnadani. Mama yangu siku ile alinipakulia mimi kwanza.

Kesho yake nilimpelekea Kidevu gari. Alifungua boneti akiwa ameshaandaa mdomo, maana fundi hawezi kushika kazi ya mwenzake bila kuitukana. Akatazama ile pampu. Akapitisha kidole kwenye maungio. Akazunguka upande wa pili akatazama tena.

"Nani alikufungia hii?" akauliza, na nilimsikia kabisa kwamba safari hii ni wivu.

Nikamwambia fundi wa Korogwe. Akaniambia siku nyingine nimlete wakae. Nikasema nitamwambia.

Tangu hapo pikapu haijachemsha. Ila kila nikifika kwenye ule mpando, mshale unatikisika kidogo, mara moja, kama mtu anayepiga hodi, na mimi natoa shikamoo kwa sauti hata kama nimepakia abiria. Abiria wananishangaa. Wanishangae tu. Na nimekuwa kero kwa watu. Nikiona jiwe kwenye lami nasimama, nateremka, nalitoa, hata nikichelewa, hata wakinipigia honi. Mawe ni mengi, jamani. Hamtaamini ni mengi kiasi gani. Kila jiwe lina mwenyewe ambaye alifurahi gari limewaka, akaondoka.

Kwa hiyo wewe unayenisoma, sikuambii usipite barabara ile. Pita. Gari likikufia, weka jiwe, weka matawi, subiri. Akija mtu mwenye ndala moja, msalimie na usiudhike asipoitika. Lakini gari likishawaka, shuka uangalie nyuma ya gurudumu lako. Usipoangalia wewe, utaangaliziwa, na hutapenda namna utakavyoangaliziwa.

Juzi nilitoka Korogwe peke yangu, gari tupu. Sokoni nilikuwa nimenunua ndala za bluu. Nilisimama kwenye ule mpando, nikazuia gurudumu kwa jiwe, nikachukua ya kushoto tu nikaiweka kwenye majani ukingoni, uso wake ukitazama barabara. Ya kulia nimeitundika kwenye kioo ndani ya gari. Nikarudi mlangoni nikitaka kulitoa jiwe kabla ya kuwasha, nikaibonyeza breki kwa mkono mmoja, nikajinyoosha nusu ndani nusu nje kama mjinga, na kwa mkono mwingine nikashindwa kulifikia. Basi nikapanda, nikawasha, nikasogea mbele kidogo mpaka kwenye tambarare. Nikazima tena. Nikarudi kwa miguu, nikaokota jiwe langu.